MASHAURI YA NYUMBANI: Hesabu ya Kumtunza Mzee

Mwezi uliopita tulinena juu ya ada za shule, jinsi baba na mama wawezavyo kuziweka kidogo kidogo tangu siku za mavuno hata siku ya kufungua shule. Kisha mwalimu mmoja akatuletea waraka mfupi, akasema: “Mmetufundisha kuwahesabia watoto. Na wazazi wetu je, hesabu yao i wapi?” Swali hili ni la haki. Mtoto huja kwa taarifa ya miezi 9, nasi twamshonea nguo na kumwekea maziwa. Uzee wa mama twaujua tangu utoto wetu kwamba utakuja, na ukija hutukuta mikono mitupu.

Hatutasema leo juu ya amri ya kuwaheshimu baba na mama. Kila mtoto wa mafundisho aijua kwa moyo, na wengi wenu mmewafundisha wengine. Twataka kunena juu ya fedha, neno ambalo watu huona haya kulitaja pamoja na jina la mzazi. Mtu akiuliza nyumbani, “Je, mama akianguka asiweze kuinuka, tutapata wapi fedha za kumtunza?” ndugu zake humkemea, wakisema anamchuria mama. Basi wote hunyamaza, na miaka hupita katika kunyamaza huko, nao ugonjwa haungoji mpaka wawe tayari kusema.

Bwana wetu alipotaka kuwaonya wale waliomfuata kwa wepesi, alitwaa mfano wa mtu atakaye kujenga mnara, jinsi impasavyo kuketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akaacha msingi mtupu na kuchekwa na wapitao. Mfano huo umo katika Luka, sura ya 14. Naye Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo, barua ya kwanza, sura ya 5, hakuona haya kutaja hesabu. Alitaka wajane waandikwe katika orodha ya Kanisa wakiwa wametimiza miaka 60. Tena wale wenye watoto na wajukuu watunzwe kwanza na hao watoto wao, ili Kanisa lipate nafasi ya kuwasaidia wasio na mtu. Miaka 60! Ndiyo hiyo hiyo iliyotajwa na Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 kuwa mwanzo wa uzee. Mtu asitwambie basi kwamba kutaja fedha na miaka ni kukosa imani.

Twaijua nyumba moja ya Wakristo yenye watoto 4, wanaume 3 na mwanamke mmoja. Mama yao alipatwa na kiharusi, mkono na mguu wa kuume vikapooza. Binti alikuwa akipika na kuuza chakula karibu na kituo cha mabasi. Akaiacha kazi yake akarudi nyumbani kumwuguza. Kaka zake walikuwa mijini, kila mmoja na shughuli yake, wala hawakuwa watu wabaya. Walituma fedha walipokumbuka, na walipokuja kwa sikukuu ya Noeli walileta sukari, kanga na blanketi. Miaka 4 ikapita hivyo. Mama alipofariki, kamati ya mazishi ilikutana usiku ule ule. Mtunza hazina akachaguliwa, daftari likafunguliwa, kila jina likaandikwa pamoja na kiasi chake, na kwa siku 3 zikapatikana fedha za jeneza zuri, za maturubai, za magari, za mpiga picha, na za kuwalisha watu wote waliokuja.

Twawauliza ninyi wasomaji: kwa nini daftari lile halikufunguliwa miaka 4 mbele? Watu walikuwa wale wale, na mama alikuwa hai, aweza kula nyama ile na kulala juu ya godoro jema.

Hebu tuhesabu alichotoa binti yule peke yake. Tuseme, kwa kupunguza, kwamba kazi yake ilimpa faida ya shilingi 5,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni shilingi 130,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,560,000. Kwa miaka 4 ni shilingi 6,240,000. Hapana kaka aliyetoa fedha nyingi kama hizo, wala hapana aliyeziona, kwa kuwa hazikutoka mfukoni mwa mtu. Zilikosekana tu kuingia. Siku ya kushukuru watu, aliyenunua jeneza alitajwa kwanza. Wahenga walisema kweli kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Ziko na gharama nyingine ambazo asiyelala katika nyumba hiyo hazifahamu. Dawa za shinikizo la damu na za kisukari si kama dawa ya kikohozi, ambayo chupa ikiisha na ugonjwa umekwisha. Hizo humezwa kila siku hata mwisho. Mzee akiziacha kwa sababu ajisikia vema, au kwa sababu fedha zimekoma, shinikizo hupanda tena kimya kimya, na mara nyingi ndilo liletalo kiharusi. Kwa hiyo mtoto anayetuma fedha za dawa mwezi huu na kuruka mwezi ujao, amefanya kazi nusu. Tena iko sabuni, kwa maana shuka zafuliwa kila siku. Uko mpira wa kutandika kitandani. Ziko zile nguo za kumkinga mkojo ambazo madukani watu huziita pampasi za wazee, nazo haziuzwi kwa bei ndogo. Kiko chakula laini. Iko nauli, na hapa wengi hukosea hesabu: mzee asiyeweza kuketi wima hawezi kupandishwa pikipiki, yampasa gari la kukodi, na mara nyingi safari moja ya kliniki hupita bei ya dawa zenyewe.

Wazee wetu wa zamani hawakuwa wajinga wa mambo haya. Kwa desturi ya Wachaga, kitinda mimba wa kiume ndiye aliyebaki katika kihamba cha baba yake. Kaka zake walitafutiwa mahali pengine. Yeye akairithi nyumba na migomba, na pamoja navyo akapokea kazi ya kuwatunza wazazi hata kufa kwao. Hayo yalikuwa malipo, ijapokuwa hapana aliyeyaita kwa jina hilo, na shamba lilimlisha mzee pamoja na mtunzaji wake. Lakini siku hizi kitinda mimba yuko Dar es Salaam au Nairobi, akipanga chumba, na kihamba kimegawanywa mara nyingi hata kimekuwa ukanda mwembamba. Aliyebaki na mama ni binti aliyerudi kwao, au ni mkaza mwana ambaye mumewe yuko mbali. Kazi ya kitinda mimba imemwangukia mwanamke huyo, bila urithi wa kitinda mimba. Tutarudi kwenye neno hili, kwa maana ndilo linalotuuma kuliko yote.

Basi ndugu na waketi pamoja, na mzazi awe mmoja wao, maadamu bado aweza kusema atakalo. Siku njema ni ile ambayo watoto wote wamerudi kwa Noeli au kwa Pasaka, kabla hawajatawanyika. Siku ya ugonjwa haifai. Siku hiyo kila mtu hutoa ahadi kwa hofu, na hofu ikipita ahadi nayo hupita. Twajua kwamba mtoto hawezi kumkabili baba yake na kumwuliza, “Una fedha kiasi gani?” kana kwamba yeye ni karani wa kodi. Afadhali mjomba au shangazi, au ndugu wa baba aliye rika lake, aombwe mapema aanzishe mazungumzo. Na aanze kwa kumwuliza mzee apendavyo kutunzwa: je, ataka kukaa nyumbani kwake hata mwisho, au yuko radhi kwenda kwa mmoja wa watoto? Wazee wengi hujibu kwanza, “Mimi sitaki kuwasumbua.” Jibu hilo lisipokewe haraka. Nyamazeni kidogo, mpeni chai, naye atasema lililo moyoni mwake.

Kisha yafaa kujua karatasi zake ziko wapi: kitambulisho cha Taifa, kadi ya kliniki, hati za shamba, na barua za pensheni ikiwa aliwahi kuajiriwa. Yafaa kujua pia adaiwa nini na nani, na ni nani wanaodaiwa naye. Mficha maradhi kifo humwumbua, na mficha deni vivyo hivyo, ila deni huwaumbua waliobaki. Juu ya fedha zilizo benki au katika simu, twatoa onyo. Tumesikia mara nyingi mtoto akitwaa kadi ya baba na namba yake ya siri, akitoa fedha bila mtu mwingine kujua. Hata zikiwa zilinunua dawa kweli, atathibitishaje siku ndugu watakapouliza? Mzee mwenyewe na aende benki pamoja na mtoto amwaminiye, akaseme mbele ya karani jinsi atakavyo mtu huyo asaidie, na ndugu wote waambiwe. Jambo hili halifai kuahirishwa. Usahaulifu wa uzeeni ukiisha kumshika mtu asiwatambue hata wanawe, sahihi yake haitaaminiwa tena, na fedha zake mwenyewe zaweza kufungwa wakati azihitajipo.

Sasa daftari. Linunuliwe daftari la kawaida, lile la mwanafunzi. Upande mmoja yaandikwe matumizi ya mwezi, na upande wa pili majina ya watoto wote, wanaume kwa wanawake, na kila mmoja atakalotoa na tarehe ya kulitoa. Sisi twapenda tarehe iliyotajwa kuliko kiasi kikubwa. Anayetoa shilingi 20,000 kila tarehe 5 humsaidia mtunzaji kuliko anayetoa 200,000 siku asiyoijua mtu, kwa sababu mwenye kununua dawa ataka kujua kesho ana nini. Kila mtu atoe kadiri ya nguvu zake. Mwalimu aliyeajiriwa mwaka huu asilinganishwe na kaka yake mwenye duka. Yule asiye na fedha kabisa atoe siku: aje akae majuma 2 kwa mwaka au zaidi, amwogeshe mama na kumgeuza usiku, ili dada yake apate kulala. Na atumaye fedha kwa simu atume na ya kutolea. Ni jambo dogo, lakini tumemwona mama akipungukiwa fedha za dawa mbele ya wakala kwa sababu ya ada ya kutoa, naye mtoto wake mjini akaamini kwamba ametimiza wajibu wote.

Na katika upande wa majina, aliyebaki nyumbani aandikwe kama wengine, na mbele ya jina lake iandikwe thamani ya kazi aliyoiacha, kama tulivyohesabu hapo juu. Wengine watacheka. Hata hivyo iandikwe. Ndugu wakiona kwamba jina la dada yao lina shilingi 130,000 kila mwezi, na majina yao yana 20,000, hawatamwambia tena kwamba yeye anakula tu fedha za mama. Fedha zote zipite mkononi mwake, maana ndiye ajuaye sabuni imekwisha lini. Lakini mtu mwingine alisome daftari kila baada ya miezi 3 na kuwapa wengine habari. Hilo humkinga mtunzaji na masengenyo kuliko linavyomchunguza.

Iwepo pia akiba ya siku mbaya, walau ya matumizi ya miezi 3. Wengi hutegemea mbuzi au ng'ombe. Mifugo ni akiba njema siku za amani, lakini mbuzi auzwaye usiku wa ugonjwa hana bei. Mnunuzi akiona jasho la muuzaji hupunguza. Afadhali sehemu ya akiba hiyo iwe fedha, katika chama cha kuweka na kukopa au katika kikundi cha hisa cha mtaa, mradi mjue kanuni zake: vikundi vingi hugawana fedha mara moja tu kwa mwaka, wala havitoi kabla ya siku hiyo ila kwa mkopo. Mkopo wa kikundi una riba. Msiuite akiba.

Tuseme kidogo juu ya msaada wa Serikali, kwa kuwa walimu huulizwa. Sera ile ya 2003 ilisema kwamba wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo watibiwe bila malipo, na ofisi za kijiji na za ustawi wa jamii ndizo mahali pa kuuliza jinsi ya kutambuliwa. Lakini kutibiwa bure ni jambo moja, na kukuta dawa dirishani ni jambo la pili. Mara nyingi mgonjwa hupewa cheti aende akanunue dukani. Kwa hiyo dawa zihesabiwe katika daftari hata kama mama ana kitambulisho. Zanzibar ilianza mwezi wa Aprili 2016 kumpa kila mzee wa miaka 70 na zaidi pensheni ya shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuajiriwa kamwe, na baadaye kiasi hicho kikaongezwa. Kenya nayo ilipanua mpango wake wa Inua Jamii mwaka 2018, kwa kusudi la kuwafikia wote wenye miaka 70, kwa shilingi 2,000 za Kenya kila mwezi. Huku Bara mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012, ulizisaidia nyumba maskini sana, lakini mzee hakuandikwa kwa sababu ya umri wake tu.

Juu ya bima, twawasihi walimu na watumishi wa Serikali wasome vizuri haki zao. Tangu Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi mwaka 2001, mtumishi aliyechangia aliweza kumwandikisha mwenzi wake na wategemezi wasiozidi 4, na wazazi waliweza kuwa miongoni mwa hao. Nyumba yenye watumishi 2 iliweza kugawana, mmoja akamwandika baba na mwingine akamwandika mama, na nafasi za watoto zikasalia. Tumeona ndugu 3 walioajiriwa, wala hapana hata mmoja aliyemwandika mama yao, kila mmoja akidhani mwenzake amefanya. Kwa wasioajiriwa uliletwa Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao katika mikoa mingi kaya ya watu 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imekuja kuyabadili mengi katika hayo, basi ulizeni katika ofisi za wilaya kabla ya kulipa. Neno moja halibadiliki: bima hukatwa mtu akiwa mzima.

Na sasa twamgeukia yule atakayeacha kazi ya mshahara ili amtunze mzazi. Dada, au kaka, usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujahesabu miezi yako. Katika mifuko ya hifadhi ya jamii ya Tanzania, NSSF na PSSSF, pensheni ya kila mwezi hupewa aliyechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15. Aliyechangia pungufu hulipwa mara moja, kisha basi. Mtu aliyetimiza miezi 170 akaacha kazi kwa haraka, amejipotezea mkate wa uzee wake kwa ajili ya miezi 10 tu, ambayo labda ndugu wangeweza kumwajiri msichana wa kazi na kumlipa kwa pamoja. Na ikiwa hana budi kuacha, basi ajue kwamba NSSF hupokea pia michango ya waliojiajiri, na kwamba si aibu ndugu zake kumchangia huko. Maana tusiposema hili, tutakuwa tumemtunza mama kwa kumfanya binti yake ombaomba, naye atazeeka bila kitu, na mzigo ule ule utashuka juu ya watoto wake.

Twafika kwenye neno ambalo huenda wenzetu tunaosimama mbele ya watu siku ya Bwana hawatalipenda. Katika Marko, sura ya 7, Bwana wetu aliwakemea waandishi juu ya Korbani. Mtu aliweza kusema kwamba mali ambayo ingemsaidia baba yake amemwekea Mungu wakfu, na waandishi wakamruhusu asimtendee baba yake neno tena. Je, Korbani imekwisha? Twamwona mtu akisimama katika harambee ya kujenga kanisa, akaahidi laki 5 mbele ya makofi na vigelegele, na mama yake hajameza dawa ya shinikizo tangu mwezi uliopita. Sisi tulio katika kazi hii twajua nyumba za watu wetu, tena twaingia kwao wakiwa wagonjwa. Tukijua hali ya mama yule na tukaipokea ahadi ile kwa furaha, tofauti yetu na waandishi ni ndogo sana. Twadhani ingefaa mzee wa kanisa amwendee mtu huyo kwa upole, nyumbani kwake na si hadharani, amwambie atimize kwanza ya mama. Kengele ya kanisa itangoja.

Tuliahidi kurudi kwenye neno la urithi. Limetokea, tena si mara moja, kwamba binti aliyemwuguza mama yake miaka mingi, ameambiwa baada ya arobaini afungashe vitu vyake, kwa kuwa nyumba na shamba ni vya wana wa kiume. Kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilimweka binti nyuma ya ndugu zake wa kiume katika kugawa mirathi, na ukoo mwingi hushika hizo hata leo. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yampa mwanamke haki ya kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia sawa na mwanamume, na mzazi aliye hai aweza kuandika wosia. Wosia uandikwe akili yake ikiwa timamu, uwe na tarehe na mashahidi wa ukoo na wasio wa ukoo, wala aliyetajwa kupewa mali asiwe shahidi. Wakala wa Serikali wa usajili na udhamini, RITA, hupokea wosia na kuutunza, ili usipotee kabatini. Baba akitaka kumwachia binti yake chumba na migomba 20 kwa sababu ndiye aliyemlisha, aseme sasa, na aseme mbele ya wanawe. Wakinung'unika, ni heri wanung'unike akiwa hai wa kuwajibu.

Mwisho, mama mmoja msomaji wetu ameuliza hivi: “Mimi ni mkaza mwana. Huu ni mwaka wa 6 namtunza mama mkwe, na mume wangu yuko kazini mbali. Shemeji zangu wameanza kunipa kitu kila mwezi, lakini wifi zangu wasema nikipokea nimejifanya mtumishi wa kukodiwa katika nyumba ya mama yao. Je, nipokee?”

Twamjibu: Pokea, mama. Ruthu alikuwa mkaza mwana kama wewe. Alipoambiwa na Boazi achukue shayiri, hakuikataa kwa kujionyesha ana heshima. Aliibeba katika shela yake, na Naomi akala. Wanachokupa shemeji zako ni sehemu ya deni lao kwa mama yao, nalo hupita mkononi mwako. Ila fanya mambo mawili. Sehemu yake ndogo, hata ikiwa shilingi 5,000, iweke kwa jina lako mwenyewe, kwa uzee wako. Na katika daftari la nyumba hiyo mwombe mumeo aandike jina lako kamili ulilobatizwa nalo, tangu mwezi wa kwanza wa mwaka ule wa kwanza, wala asiandike “mke wa fulani.” Wifi zako nao waandikwe, na kila mmoja aulizwe atatoa nini, fedha au siku.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutajibu maswali mawili tuliyoletewa juu ya mikopo ya pembejeo na jinsi ya kuirudisha msimu ukiwa mbaya.